Mlinzi Aliyechora Mji

Mwambie mtoto wa Mbozi achore nyumba. Mpe karatasi na penseli, umwache peke yake. Aghalabu atakuletea nyumba yenye paa lililochongoka, madirisha mawili ya vioo yaliyogawanywa kwa alama ya msalaba, na juu ya paa bomba linalotoa moshi. Bomba hilo hakuliona kwao. Kwao moshi hutoka jikoni kwa kupenya nyasi au kwa mwanya ulio kati ya ukuta na bati. Wala hakuliona kwa jirani. Nilifundisha katika shule za msingi kwa miaka 36, mingi kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, na nyumba hizo zenye bomba nimeziona kwa mamia.

Mtoto huyo si mvivu, wala si mwongo. Amejifunza kutoka vitabuni kwamba picha ni mambo ya watu wengine. Akiambiwa achore, huchora kile kilichokwisha kuchorwa. Nyumba ya bibi yake, yenye kichanja cha vyombo nje na kuku kizingitini, haimjii akilini kuwa ni kitu kistahilicho karatasi. Hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulizungumze, ndugu msomaji: ni nani anayestahili kuchorwa, na mambo ya nani ni urithi?

Katika chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakufunzi walitukaririsha kanuni mbili mpaka tukaziota usiku. Ya kwanza, anza na rahisi uende kwenye gumu. Ya pili, anza na linalojulikana uende kwenye lisilojulikana. Sisi tulizichukua kuwa kanuni za kufundishia hesabu na jiografia. Baadaye nilipokuja kusoma habari za wachoraji wa nchi yetu, niliona kwamba zinafaa pia kueleza maisha ya msanii. Na katika hao wote hakuna anayezieleza vizuri kuliko George Lilanga.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, kusini mwa Tanzania, katika jamaa ya Wamakonde. Kwa Wamakonde kuchonga ni kazi ya kurithishana, na kijana huyo alianza kama wengine. Lakini hakuanza na mpingo, maana mpingo ni mti mgumu, nao ni ghali mno kuharibiwa na mkono usiozoea. Alianza kwa kuchonga mihogo. Baada ya mihogo akaingia kwenye miti laini, na baada ya miti laini ndipo akapewa mpingo. Rahisi kwenda gumu, na wala hakupita chuo cha ualimu!

Katika miaka ya 1970 alikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini. Wakati huo ilikuwako Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za mtawa wa Kimarekani, Jean Pruitt, ili wasanii wapate mahali pa kufanyia kazi na kuuzia. Mjomba wake, Augustino Malaba, naye mchongaji, alikuwa hapo. Lilanga akapata kazi hapo, lakini si ya usanii. Alikuwa mlinzi. Yaani mtu ambaye baadaye kazi zake zingetundikwa katika kumbi kubwa za Ulaya na Marekani aliingia katika nyumba ya wasanii kwa mlango wa askari wa usiku.

Mlinzi ana muda mwingi na macho yake yako kazini. Huona nani ameingia, nani ametoka, nani anayumba, nani amebeba nini. Kazi hiyo wengi huidharau. Mimi nadhani haikumpotezea Lilanga kitu, maana mtu aliyelipwa kwa kutazama alijua kutazama. Haukupita muda mrefu wenye nyumba wakaona anachoweza. Akaanza kuchora kwenye ngozi za mbuzi, kwenye vitambaa vya batiki, kwenye karatasi na kwenye mabamba ya chuma, huku akiendelea kuchonga. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Katika miaka ya 1990 alichora sana kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile zile wanazotumia wachoraji wa Tingatinga.

Sasa, alichora nini? Hapa naomba msomaji awe na subira kidogo, maana ukimwambia mzee wa kanisa kwamba fulani alichora mashetani atakuondokea. Katika uchongaji wa Wamakonde neno shetani halibebi maana ile ya mimbarini peke yake. Ni viumbe wa porini na wa usiku. Wengine wabaya, wengine wachokozi tu, wengine hata wema. Kuwachonga kwa mtindo tunaoujua leo kulianza katika miaka ya 1950 kwa mchongaji Samaki Likankoa, na kukaenea. Lilanga akawakuta viumbe hao katika urithi wake, akawachukua, akawapandisha basi wakaenda naye mjini.

Mashetani wa Lilanga wana masikio makubwa, midomo iliyotokeza, matumbo ya duara na vidole pungufu. Wamepakwa rangi nyekundu, njano, buluu na kijani, wamebanana picha nzima hata hakuna pa kupitisha sindano. Lakini tazama wanachofanya. Wanakunywa pombe, wanacheza ngoma, wanagombana, wanasengenyana, wanapelekana hospitali, wanabebeshana watoto na mizigo. Ni watu wa mjini kabisa. Ni wale wale wa kwenye foleni ya maji na kwenye kituo cha basi. Picha nyingi alizipa majina marefu ya Kiswahili, ambayo si majina ya maonyesho bali ni kama maneno ya mtu anayemwambia jirani yake habari za jana.

Kwa nini hakuwachora watu kama walivyo? Mwenyewe sikupata kumsikia akilieleza, lakini mtu aliyekulia kwenye hadithi za jioni hahitaji kuelezwa. Bibi zetu walipotaka kusema habari za mtu mchoyo hawakumtaja, walimtaja fisi. Walipotaka kumsema mjanja walimtaja sungura. Kila mtu alicheka, na mhusika mwenyewe alicheka, kisha akalala akijigeuza kitandani. Lilanga alifanya hivyo kwa brashi. Aliwapa mashetani tabia zetu ili tuzione tabia zetu bila kugombana na mchoraji. Huo ndio urithi unaofanya kazi. Hakuuweka kabatini, akaufuta vumbi siku ya sherehe. Aliutia mikononi akautumia kuuelewa mji mpya aliofika akiwa mgeni.

Lilanga hakuwa peke yake, na njia hazikuwa moja. Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 huko Kilimanjaro, alisomea uchoraji Makerere na baadaye London. Akachora kazi za Wachaga mashambani na sherehe zao. Picha yake ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa la New York. Baadaye alikuwa balozi wetu Uingereza. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932, hakuwa na digrii. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha kazi za nyumbani Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya mbao laini za dari, na picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliodhani ni mhalifu anayetoroka, akafa. Alichora miaka minne tu. Lakini alikuwa amewafundisha ndugu na jamaa wachache, na hao wakafundisha wengine, hata mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Leo jina lake limekuwa jina la aina ya picha, na wako wanaolitamka bila kujua kwamba lilikuwa jina la mtu.

Balozi, mtumishi wa nyumbani na mlinzi: watatu hawa wanalingana kwa jambo moja tu. Kila mmoja alianza na linalojulikana kwake.

Nisingeyaandika haya kama si jambo lililonifika nyumbani. Naishi Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, mahali ambapo malori hujipanga kuelekea mpakani. Mwanangu ni wakala wa kutoa mizigo forodhani. Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka 19, alimaliza kidato cha nne kwa matokeo yasiyompeleka mbali, na tangu hapo amekuwa akiandika vibao vya saluni na mikahawa, na misemo nyuma ya malori. Jumapili moja wakanijia wote wawili. Kijana akanishika mkono, "Shikamoo, babu," akakaa mbali kidogo. Baba yake hakuzunguka.

"Baba, huyu anakusikia wewe kuliko mimi. Nimemtafutia nafasi ofisini, hataki. Anasema yeye ni mchoraji. Mwambie."

Nikaomba kwanza nione. Kijana akatoa madaftari mawili. La kwanza lilijaa simba, twiga na Mlima Kilimanjaro wenye theluji, na Mmasai amesimama kwa mguu mmoja. Mkono wake ni mzuri, sikatai. Lakini kijana huyu hajapata kumwona simba, na watalii wanunuao simba hawapiti Tunduma. Lilikuwa lile bomba la moshi tena.

La pili alilitoa kwa kusitasita. Ndani yake, katikati ya hesabu za bei ya rangi, kulikuwa na picha moja ya kalamu ya wino. Utingo amelala kwenye machela aliyoifunga chini ya tela la lori. Kando ya tairi kuna jiko la mkaa na sufuria juu yake. Mkono mmoja wa utingo umening'inia, na vidole vinakaribia kugusa kifuniko cha sufuria, kama mtu anayelinda chakula chake hata usingizini.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni utingo wa lori la Kongo, babu. Alikaa foleni siku nne."

"Jina lake unalijua?"

"Nalijua. Alikuwa akinigawia chai."

Nikampa baba yake lile daftari. Akaitazama picha ile muda mrefu kuliko nilivyotazamia, kisha akalifunga. Akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Baba, wewe ulikuwa mwalimu. Serikali ilikupa mshahara, leo inakupa pensheni. Mchoraji anapewa pensheni na nani?"

Ni swali la haki, na mtu asiwacheke wazazi wanaoliuliza. Sikumjibu kwa kumpamba Lilanga. Nilimweleza yote. Kwamba alifika mjini akawa mlinzi kwanza. Kwamba umaarufu ulimjia akiwa mtu mzima, na faida ya picha nyingi za wasanii wetu hupatikana mikononi mwa wanunuzi baada ya kuvuka bahari. Kwamba maradhi ya kisukari yalimpokonya mguu, akaendelea kufanya kazi akisaidiwa na vijana wake mpaka alipofariki Dar es Salaam mwaka 2005, wakati kazi zake zikizunguka Ulaya katika onyesho kubwa lililoitwa Africa Remix. Nilimweleza pia kwamba Tingatinga hakuyaona matunda. Kijana alikuwa akisikia. Nilitaka asikie. Mtu asiingie njia ndefu kwa kuambiwa ni fupi.

Kisha nikatoa shauri, na shauri lenyewe lilikuwa hili. Vibao vya saluni na misemo ya malori isiachwe, kwa sababu ndiyo mlinzi wake. Lilanga alikuwa na lindo, naye awe na lake. Pili, kwa mwaka mmoja, kila juma achore picha moja ya jambo aliloliona kwa macho yake, na ndani yake awemo walau mtu mmoja anayemjua kwa jina. Simba wapumzike. Tatu, kila mwezi aende vijijini akakae na wazee wa kwetu, maana mtu hawezi kuupeleka mjini urithi asioujua. Mwaka ukiisha tukae tena. Baba yake akakubali kumpa chumba na chakula. Rangi akakataa. Rangi nikasema nitanunua mimi katika hiyo pensheni aliyoitaja.

Watu husema kwamba Tunduma haina cha kuchora: vumbi, malori na kelele. Nawaomba watazame tena. Upande huu ni Tunduma, upande ule ni Nakonde ya Zambia, na wapo wenye shangazi upande wa pili na shamba upande huu, kwa maana Wanyamwanga walikuwa pande zote mbili kabla mpaka haujachorwa. Wapo wabadilisha fedha wenye kwacha mkononi na shilingi mfukoni. Wapo vijana wanaosukuma baiskeli zilizojaa mifuko hata mwenye baiskeli haonekani. Wapo mama lishe wanaojua kusalimu kwa Kiswahili, Kinyamwanga, Kibemba na Kinyiha kabla wali haujaiva. Ipo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ambayo wazee wetu wengine walibeba udongo wake.

Na urithi je? Wanyiha na majirani zao walikuwa wakiyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, wakafua majembe yaliyolima nchi hii muda mrefu kabla ya majembe ya dukani. Kule Ndolezi kipo Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma la tani zipatazo 16 lililoanguka kutoka mbinguni, ambalo limo miongoni mwa vimondo vikubwa duniani. Watoto wetu hupelekwa huko kwa ziara ya shule, wakapanda juu yake wakapigwa picha, wakarudi nyumbani kuchora nyumba yenye bomba.

Mjukuu wangu alikwenda kwa wazee. Mwezi wa kwanza alirudi analalamika kwamba wanasimulia polepole. Mwezi wa tatu alirudi kimya. Akakaa uani kwangu siku tano na kipande cha mbao ya dari. Alipomaliza nikaona tanuri refu la udongo limesimama kando ya barabara kuu, moto unaonekana kwa chini. Wazee wanalilisha mkaa. Nyuma yao foleni ya malori yamebeba shaba, yanashuka kutoka Zambia kwenda bandarini Dar es Salaam, na dereva mmoja ameteremka kuomba moto wa kuwashia sigara. Mzee anampa kijinga bila kumtazama, kama mtu aliyezoea kuombwa moto na wapita njia.

Sikumfundisha hilo. Wala hakulipata kitabuni. Madini yaliyoyeyushwa na babu zetu na madini yanayopita leo mlangoni petu ameyaweka katika barabara moja, na kila apitaye anaelewa. Dereva mmoja alitaka kuinunua, wakashindana bei, akaondoka. Baba yake aliitazama akauliza kama rangi nyekundu ile ni ghali. Nikasema ni ghali. Hakuongeza neno, lakini juma lililofuata kopo moja la nyekundu lilifika nyumbani kwangu, halina ujumbe.

Mwaka tuliopeana haujaisha. Huenda utakapoisha kijana ataingia ofisini kwa baba yake, na sitalia. Afisa wa mizigo anayejua kuona ni bora kuliko asiyejua. Huenda ataomba kwenda Bagamoyo, kwenye taasisi ya sanaa na utamaduni ambayo ilianza kama chuo cha sanaa mwaka 1981. Hayo tutayajua wakati wake.

Ninalolijua leo ni dogo, nami nawaachia walimu wenzangu na wazazi. Mtoto akikuletea picha, usimwulize imefanana na nini. Mwulize amekiona wapi, na huyo aliyemchora anaitwa nani. Maswali hayo mawili hayahitaji bajeti wala semina. Na ninyi wenye hoteli na nyumba za wageni katika mji wetu, ukutani kwenu kuna maporomoko ya maji ya nchi nisizozijua na farasi wanaokimbia ufukweni. Mliyanunua kwa fedha halali, siwalaumu. Ila karibu na mizani, katika kivuli cha kibanda cha kuandikia vibao, zipo picha ambazo mgeni wenu akiziona asubuhi atawauliza habari za mahali alipolala. Bei yake haifiki kodi ya chumba kwa siku tatu.